Ukuta wa Watu Wawili

Barua ilikuwa na aya nne, tarehe juu kulia, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: YAH: KUSUDIO LA KUONGEZA CHUMBA JUU YA NYUMBA YANGU. Aliyeiandika alikuwa amepiga chapa barua za wakubwa kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaa mzima ulimwita Bi Taipu, ingawa ofisi ilikuwa imeshampa mkono wa kwaheri na kumsahau. Aliisoma mara tatu kutafuta kosa, akalikosa. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akatembea hatua kumi na mbili mpaka kwa jirani, akaipenyeza chini ya mlango. Kisha akarudi kwake kungoja jibu kama mtu aliyepeleka posa.

Jibu halikuja. Siku ya nne akapiga barua ya pili, yenye lugha laini zaidi. Natambua kwamba ukuta wa katikati ni mali yetu sote, aliandika, na endapo una wasiwasi wowote kuhusu nyufa, vumbi au kelele, naomba unijulishe kwa maandishi ili tuutatue kwa amani. Siku ya nane akapeleka ya tatu, laini kuliko ya pili. Siku ya kumi akamkuta jirani mwenyewe uani, anaanika shati moja kwenye kamba inayotosha nguo za ukoo mzima.

Nyumba zao zilikuwa mbili kwa milango lakini moja kwa mwili: paa moja refu, msingi mmoja, na ukuta mmoja uliopita katikati kama njia ya nywele zilizochanwa. Upande wa kushoto aliishi yeye. Upande wa kulia aliishi Mzee Timazi, muashi mstaafu, mjane wa miaka mingi, aliyepewa jina la ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni ambayo waashi hupimia unyoofu wa ukuta. Watu walisema kuta zake zilinyooka hata akijenga amefumba macho. Miaka saba walikuwa wameishi bega kwa bega, salamu asubuhi, salamu jioni, na katikati hakuna kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Jua kali."

"Kali kweli. Mzee, zile barua zangu ulizipata?"

"Nilizipata." Akabana kibanio cha pili kwenye shati ambalo halikuhitaji kibanio cha pili.

"Na je?"

"Zipo," akasema, akaingia ndani.

Bi Taipu alibaki uani mdomo wazi. "Zipo!" alikuja kuliambia sufuria lake dakika tano baadaye, akipika chakula cha mtu mmoja. "Kiburi hicho. Mtu anakuandikia barua tatu zenye adabu kama hizo, unamwambia zipo, kama viatu."

*

Haraka haikuwa yake. Ilikuwa ya binti yake.

Binti yake aliuza dawa kwenye duka la dawa katika mji wa mbali. Ndoa yake ilivunjika mwanzoni mwa mwaka, na tangu hapo yeye na watoto wake wawili walikuwa wamehifadhiwa kwenye sebule ya rafiki. Waajiri wake walikuwa wanafungua tawi jipya karibu na kwa mama yake. Akikubali uhamisho kabla ya mwisho wa mwezi, angepewa nafasi. Lakini nyumba ya Bi Taipu ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule ya kupitishia mgeni, na jiko ambalo watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke. Ndipo Bi Taipu akaamua kukitoa kiinua mgongo chake chote benki, alichokuwa akikitazama kwenye kijitabu kama picha ya marehemu, ajenge chumba juu.

Fundi aliyemchukua alikuwa bado kijana, mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Walimwita Mraba, kwa sababu kila kazi aliyoitiwa alianza kwa kusema, "Kwanza tupate mraba."

"Mama, mimi niko tayari," alimwambia, amesimama uani akiangalia juu. "Lakini boriti ya zege italala hapa kwako, kichwa chake kitaingia kwenye ule ukuta wa katikati. Ukuta wa watu wawili huugusi bila saini za watu wawili. Halmashauri hawatoi kibali. Huyo mzee anataka nini hasa? Anaogopa vumbi? Tutafunika. Kelele? Tutapiga mchana. Nyufa? Nitaziba kwa gharama yangu. Mwulize."

"Nimemwuliza kwa maandishi."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Mraba alijikuna kidevu. "Mwulize kwa mdomo."

Kabla hajapata mdomo wa kumwuliza, simu ikaja kutoka ofisi ya ujenzi. Jirani yake alikuwa amefika pale jana yake, kwa miguu yake, akamwambia karani: "Sikubali." Karani akaandika, mzee akaweka dole gumba. Wote wawili walitakiwa kufika kesho saa nne kamili.

*

Afisa ujenzi alikuwa na kalamu tatu mfukoni na viti viwili vya wageni, kimoja kibovu. Mzee Timazi alikuwa amewahi, na alikuwa amekalia kibovu, kwa hiyo Bi Taipu hakuwa na budi kukalia kizima. Hilo nalo lilimkera. Nyuma yao, kwenye benchi, watu sita walingoja zamu zao na kusikiliza kila kitu.

"Mzee, umesema hukubali," afisa alianza. "Sawa, ni haki yako. Lakini mimi siwezi kuandika 'hakubali' peke yake. Pingamizi lazima liwe na sababu. Barua ya mama hii hapa, ina aya nne, imeeleza kila kitu. Isome, uniambie ni aya ipi inayokutatiza."

Akamsukumia karatasi. Mzee Timazi aliishika vizuri, juu ikiwa juu, chini ikiwa chini, kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika sahani ya wageni. Akainamisha kichwa. Chumba kikanyamaza kumpisha.

Bi Taipu alikuwa anamtazama kwa hasira, na kwa sababu alikuwa anamtazama kwa hasira alimtazama vizuri. Macho ya mtu anayesoma hutembea. Macho ya mzee yalikuwa yamesimama, pale pale, katikati ya karatasi, kama mbuzi aliyefungwa. Na Bi Taipu, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewaona watu kwenye dirisha la ofisi yake wakisema nitaisoma nikifika nyumbani, au wakija na kidole kilichofungwa kitambaa ili wasiombwe saini, alihisi uso wake unapata joto. Barua tatu. Kila moja yenye adabu kuliko iliyotangulia. Alikuwa amemrushia mtu mawe matatu, halafu akamnunia kwa kutoyarudisha.

"Miwani," mzee akasema. "Nimesahau miwani."

"Chukua yangu," afisa akasema, akiivua. "Jaribu."

Kwenye benchi mtu akacheka kwa pua. Mzee aliipokea miwani.

"Samahani, bwana afisa," Bi Taipu akasema. "Hiyo nakala ni mbaya. Utepe wa mashine yangu umekwisha wino. Hata mimi mwenyewe siioni vizuri. Naomba nimsomee, maana nakumbuka nilichoandika."

Afisa aliitazama ile barua, nyeusi na safi kama gazeti. Akamtazama mama. Akaichukua miwani yake mkononi mwa mzee, akairudisha usoni, akampa mama karatasi.

Akasoma. Mzee alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza na hataki lijulikane. Alipofika aya ya tatu, Ukuta huo ni imara, na fundi wangu ameukagua, mzee aliinua mkono.

"Hapo."

"Hapo nini?" afisa akauliza.

"Aya hiyo ndiyo siikubali. Sababu nitamwambia mwenyewe, nyumbani."

"Mzee, hapa ndipo mahali pake."

"Nitamwambia nyumbani," mzee akarudia, na kwa mara ya kwanza akamgeukia jirani yake. "Ukiniruhusu, mama."

*

Walirudi kwa miguu bila kuongea. Mlangoni kwa Bi Taipu mzee alivua kofia, akaingia, akasimama sebuleni kama aliyeingia hospitali. Halafu akauliza swali ambalo mwanamume hamwulizi jirani yake.

"Kitanda chako umekiweka wapi?"

Bi Taipu alikunja uso. "Mzee, barua hazikujibiwa, leo tumefika kwenye kitanda?"

"Mama, sina utani. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Kitanda kilikuwa kimebana ukuta wa katikati, mto kichwani, kabati zito la mbao pembeni. Mzee alikitazama, na rangi ikamtoka usoni. Akatoa sarafu mfukoni, akagonga ukuta chini karibu na sakafu, kisha kati, kisha juu ya mto. Chini uliitikia kama jiwe. Juu ya mto uliitikia kama debe.

"Kihamishe kwanza," akasema. "Sasa hivi. Nitakusaidia. Tukimaliza ndipo tuongee."

Walisukuma kitanda mpaka ng'ambo ya chumba, wazee wawili wakitweta. Kisha mzee akakaa kwenye sakafu, maana hakutaka kukaa kitandani, na kiti hakikuwepo.

"Ukuta huu niliujenga mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Tajiri alileta saruji ya kutosha. Msimamizi akauza nusu. Akaniambia, usilaze tofali, zisimamishe. Ukuta utakuwa mwembamba, ujenge mistari miwili, katikati ujazie udongo. Plasta itafunika, nani atajua? Akanipa fungu langu. Nilikuwa nataka kuoa." Akapapasa plasta kwa kiganja. "Umenyooka. Mpaka leo umenyooka. Hakuna mtu aliyewahi kusema haujanyooka."

Bi Taipu alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Tajiri alipozeeka akauza. Nikanunua upande huu wa kwangu. Watu walidhani nimepapenda. Nilitaka niwe karibu nao, niuangalie. Sebule yangu iko upande wa pili, chumbani mimi silali. Upande wako sikuwa na uwezo wa kuununua. Ukaja wewe. Nilikuona siku unahamia, wanaume wanne wamebeba hili kabati. Nikasema, kesho nitamwambia. Kesho nikaona nitasema keshokutwa. Unajua inavyokwenda. Sasa umeleta habari ya boriti ya zege. Ukiuwekea boriti, mama, utaanguka. Sijui utaangukia upande gani, lakini utaanguka. Ndiyo maana nikaenda kwa afisa. Nilidhani nikisema sikubali itatosha, na sitaulizwa kwa nini."

"Miaka saba," Bi Taipu akasema taratibu. "Mzee, kila asubuhi tumesalimiana. Mimi nakwambia shikamoo, wewe unaniambia marahaba, na unajua kichwa changu kiko wapi."

"Ndiyo."

"Hukujua kusoma, sawa. Na kuongea je? Hukujua?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Naomba utoke," akasema Bi Taipu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia watu wa dirishani kwamba ofisi imefungwa.

*

Mraba alitoboa tundu la kidole kimoja kwenye plasta. Udongo mkavu ukaanza kumwagika, taratibu, bila kukoma, mpaka akaziba tundu kwa karatasi.

"Lo!" akasema. "Huu si ukuta, ni gunia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo njia ni tatu, mama. Ya kwanza, nguzo zisimame upande wako, boriti isiuguse ukuta. Lakini nguzo zinataka mashimo, na mashimo yatachimbwa miguuni mwa huu ukuta. Utaanguka tu. Ya pili, tuubomoe, tuujenge upya wa kulaza tofali, paa tuliegemeze kwa magogo mpaka umalize kukauka. Hiyo itakula pesa yako ya chumba. Yote, na itabaki kiu."

"Na ya tatu?"

Mraba aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Nipachike nondo mbili, tatu, nipige plasta, niweke boriti. Unaweza kukaa miaka ishirini. Ukuta hauna mdomo."

"Na ukipata mdomo?"

"Mimi nitakuwa nimeshahama mtaa," akasema, akajaribu kucheka. Alipoona mama hacheki, akaongeza, "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Wahenga hawakulipia saruji," Bi Taipu akajibu.

Jioni ile alimpigia binti yake, akamweleza kila kitu, polepole, kama anayesoma imla. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mshtaki," akasema. "Alipe yeye. Ni kosa lake."

"Hana kitu, mwanangu. Ana shati moja na redio. Nikipeleka habari hii ofisini wataweka alama ya kubomoa nyumba zote mbili. Yeye atakuwa barabarani, na mimi pia."

"Basi huyo fundi afanye hivyo anavyosema. Nondo."

"Mtalala juu ya boriti hiyo, wewe na watoto."

Upande wa pili wa simu ilisikika sauti ya mwanamke mwingine ikiuliza nani amemaliza sabuni.

"Mama, nataka nijue kitu kimoja tu. Chumba kipo au hakipo?"

"Njooni hivyo hivyo. Mtalala sebuleni kwa muda, nijipange."

"Sebuleni." Binti alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mama, mimi niko sebuleni sasa hivi. Miezi saba niko sebuleni mwa watu. Nakunja magodoro saa kumi na moja alfajiri ili wenye nyumba wapite. Nilikuwa naondoka sebuleni, mama, siendi sebuleni."

"Ni sebule ya mama yako."

"Sebule ni sebule." Kisha, baada ya muda: "Kwa hiyo ukuta wa yule mzee ndio muhimu."

"Ukuta huo ungekuwa chini ya vitanda vya wajukuu zangu."

"Sawa, mama," binti akasema. Bi Taipu angependa atukanwe kuliko kuambiwa sawa ile.

Kesho yake alikaa kwenye mashine yake, akaweka karatasi, akapiga YAH: TAARIFA YA UKUTA HATARISHI ULIOJENGWA KWA HILA. Akakitazama kichwa hicho cha habari. Kilikuwa kizuri, hakina kosa. Akawaza mzee akisomewa pale ofisini, kwenye kiti kibovu, na benchi zima linasikiliza. Akaichomoa karatasi, akaikunja, akaweka nyingine. YAH: OMBI LA KUUJENGA UPYA UKUTA WA PAMOJA. Safari hii hakuipenyeza chini ya mlango. Aligonga hodi, akasimama kizingitini, akamsomea jirani yake mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno, na palipokuwa na neno la kiofisi akalifafanua.

Mzee Timazi aliweka dole gumba. Kisha akaingia ndani, akarudi na bahasha iliyokunjwa mara nyingi. "Nilikuwa naweka ya mazishi yangu," akasema. "Haifiki mbali. Ipokee." Bi Taipu aliipokea. Kuikataa kungekuwa ni kumtukana, na bado alikuwa na hasira ya kutosha kuipokea.

*

Ukuta ulishuka kwa siku moja na nusu. Mraba na vibarua wake wawili waliutoa kwa mikono, tofali moja moja, na udongo ukajaza mikokoteni. Ulipokwisha, chumba cha Bi Taipu na chumba cha mzee vilikuwa chumba kimoja kirefu chenye magogo yaliyoshikilia paa, na katikati palitundikwa turubai la buluu. Upepo ukivuma, turubai lilijaa kama shavu, na kila mmoja aliona vitu vya mwenzake: huku kabati, mashine ya taipu, ndoo, kule magunia ya vifaa vya uashi vilivyoota kutu, na chumba ambacho kweli hakikuwahi kulaliwa.

Mzee aliweka kiti chake karibu na msingi, akasimamia. Mikono yake haikuweza tena kushika mwiko, lakini jicho lake lilikuwa zima. "Inua kushoto," alisema. "Saruji zaidi. Zaidi. Usiwe bahili, mimi nilikuwa bahili." Mraba hakumwonea haya.

"Mzee, kumbe wewe ndiye uliyejenga lile gunia? Na watu wanakuita Timazi! Ungepika mandazi ungewaua wengi."

Vibarua wakacheka. Bi Taipu, aliyekuwa analeta maji, alitaka kumkanya. Mzee akainua mkono.

"Mwache aseme," akasema. "Nimengoja miaka arobaini na tatu mtu aniseme."

Siku tisa ukuta ulikuwa ukipanda, na siku tisa waliongea. Hawakupanga. Turubai halizuii sauti, na mtu akisikia mwenzake anakohoa hawezi kujifanya hakusikia. Bi Taipu alichemsha chai akamimina vikombe viwili, kimoja akakipitisha chini ya turubai. Mzee alimhadithia kuhusu mke wake, aliyeujua ukuta ule tangu mwanzo. "Alikuwa ananiambia, wewe mwanaume, kaseme. Kila siku. Alikuwa amekwisha kufa ulipohamia. Nikafikiri, sasa hakuna wa kunisukuma, nitapumzika. Sikupumzika." Bi Taipu alimhadithia kuhusu ofisi, jinsi mkubwa mmoja alivyokuwa akitia saini barua bila kuzisoma, na yeye akajaribiwa kuandika kwamba mkubwa anaomba apewe punda. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mzee alikuwa hajasikia mtu akicheka ndani ya nyumba yake tangu ahamie, naye Bi Taipu alishangaa kuona kwamba yeye mwenyewe anajua kuchekesha.

Siku ya saba, mchana, simu yake ilitoa mlio. Alisoma ujumbe akiwa amesimama katikati ya mchanga. Binti yake alikuwa ameukataa uhamisho. Alikuwa amepata chumba kule kule, kidogo, lakini kina mlango wake. Watoto hawatabadilisha shule. Usijali, mama.

"Kuna habari mbaya?" mzee akauliza kutoka upande wa pili. Ukuta ulikuwa umefika kifuani mwake. Turubai limefunguliwa upande mmoja.

"Binti yangu haji tena."

Mzee alisogea karibu na tofali. "Ni kwa sababu ya ukuta?"

"Ni kwa sababu ya mambo mengi."

"Ningesema siku ile ya kabati," mzee akasema, "ungenunua kwingine. Wangekuwa na chumba."

Bi Taipu angeweza kusema usijilaumu, mzee. Ndivyo watu husema. Aliiweka simu mfukoni mwa kanga.

"Ndiyo," akasema. "Wangekuwa nacho."

Kisha akaenda kuchemsha chai, akamimina vikombe viwili, akakipitisha kimoja juu ya tofali mbichi, kwa uangalifu, zisije zikatikisika.

*

Afisa ujenzi alikuja kukagua Ijumaa asubuhi na kalamu zake tatu. Aligonga ukuta mpya chini, kati na juu. Uliitikia sauti moja kote, nzito, kama mlango wa benki. Mraba alisimama pembeni akiwa amevaa shati safi, akijipongeza kwa macho.

"Umenyooka," afisa akasema.

"Na umejaa," Mzee Timazi akajibu.

Afisa akafungua jalada, akalaza fomu juu ya goti. "Tumalize kazi ya karatasi. Mama, kwenye ombi lako la kwanza, idadi ya wakaaji uliandika wanne. Niache hivyo hivyo?"

Bi Taipu aliutazama ukuta. Plasta ilikuwa bado na unyevu, na harufu yake ilijaza chumba.

"Andika mmoja," akasema.

Afisa alikata, akaandika. "Na wewe, mzee?"

"Mmoja."

"Basi nyumba mbili, watu wawili," afisa akasema kwa furaha ya mtu anayemaliza kazi mapema. "Mtautumia ukuta huu mpaka mchoke wenyewe." Akamfungulia mzee kidau cha wino. Mzee aliweka dole gumba bila kutafuta miwani yoyote. Bi Taipu akatia saini chini yake.

Wote wakaondoka. Mraba alikwenda kwenye kazi nyingine, vibarua wakabeba magogo na turubai. Uani wakabaki majirani wawili, kila mmoja mbele ya mlango wake.

"Haya, mama. Ahsante."

"Haya, mzee."

Kila mtu akaingia kwake.

Ndani palikuwa kimya kwa namna ambayo Bi Taipu hakuwahi kuisikia. Alijaribu kusikiliza redio ya jirani, hakuisikia. Kikohozi, hakukisikia. Mraba alikuwa amefanya kazi nzuri. Akakaa kwenye kiti cha mashine, akampigia binti yake, kumwambia tu kwamba kazi imekwisha salama. Simu ikapokewa na mjukuu wake wa kike, mdogo wa wale wawili.

"Bibi, mama anaoga."

"Sawa, mwanangu. Mwambie ukuta umekwisha."

"Ukuta gani?"

"Ule wa nyumbani kwangu. Si mlikuwa mje? Ule uliofanya nikakosa kuwajengea chumba chenu."

"Chumba gani, bibi?"

Watoto hawakuwa wameambiwa kitu. Ama mama yao aliogopa kuwapa tumaini likaja kuvunjika, ama yeye mwenyewe hakuwa ameliamini tangu mwanzo. Hilo hangeweza kumwuliza mtoto wa miaka sita.

"Hapana, bibi amechanganya," akasema. "Mmekula?"

"Tumekula."

"Mkashiba?"

"Ndiyo."

"Vizuri."

Mtoto alikuwa ameshaiweka simu chini bila kuikata, akakimbilia kwenye michezo yake. Ilisikika televisheni, na mtoto mwingine akilalamika kwamba amechukuliwa kiti chake, na maji yakimwagika mahali. Bi Taipu aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Hakuita. Alikaa hivyo akisikiliza, mchana mweupe, mpaka salio likamwishia.